KUCHAGUA GIABOKSI YA PIKIPIKI YA ZAMANI

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka, Kibiti)



Kamati iliponiandikia barua ya kunitaka nizungumze, nadhani ilitarajia nizungumzie utumishi serikalini, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Niliomba ruhusa nizungumzie jambo jingine, na nashukuru nimekubaliwa. Hicho mnachokiona mezani, kimefunikwa kwa kitambaa, ni giaboksi ya pikipiki. Imetoka Uingereza. Niliinunua kwa fedha niliyokuwa nimeiweka ya kuezekea nyumba, na haijapata kuzungusha gurudumu hata mara moja tangu ilipofika mikononi mwangu. Leo nataka kueleza jinsi msomi mwenye shahada ya chuo kikuu alivyonunua kitu hicho, na jinsi kitu sahihi kilivyopatikana baadaye. Wale wenye pikipiki za zamani majumbani watapata la kufanyia kazi. Wasio nazo wapate walau kucheka, maana kosa la mwenzio ni shule isiyo na ada.

Pikipiki yenyewe ni Royal Enfield Bullet ya sisi 350, iliyotengenezwa Redditch, Uingereza, mwaka 1954. Baba yangu aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, wakati alipokuwa bwana shamba kijana hapa Rufiji, kabla Kibiti haijawa wilaya. Kwa pikipiki hiyo alipita vijijini akihimiza pamba na mpunga. Wakati wa Operesheni Rufiji ya mwaka 1968 na 1969, watu walipohamishwa kutoka bondeni kwenda nyanda za juu, ilimfikisha kule ambako gari halikuweza. Alivuka nayo mto kwa kivuko cha Ndundu miaka mingi kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Katika vijito vya Delta aliipakia ndani ya mtumbwi, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika mbuzi wa sadaka.

Mimi mwenyewe niliingia shule hii nikiwa juu yake, mwaka 1997, sanduku langu la bati limefungwa nyuma kwa kamba ya katani. Baadhi yenu mliopo hapa mlinicheka siku ile. Sijasahau.

Baba alipostaafu, pikipiki iliwekwa katika banda la nyumba yetu ya shamba, bondeni. Mara mojamoja aliipiga kiki ili damu isigande, kama alivyozoea kusema. Kisha ukaja Aprili 2024. Wote mnakumbuka mafuriko yale yaliyoingia vijijini huku kwetu Kibiti na kwa ndugu zetu wa Rufiji. Maji yalisimama bandani siku kadhaa, yakaipita pikipiki magotini. Yalipokauka, injini ilioshwa, ikabadilishwa oili, ikawaka. Lakini gia ya pili ilikuwa inaruka, ya tatu ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga, na ya nne tu ndiyo iliyokuwa kimya.

Baba, ambaye amepita miaka themanini, aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, nataka niende nayo Bungu mara moja zaidi." Hakusema kwa nini, nami sikumwuliza. Niliahidi.

Sasa, ndugu zangu, sikilizeni nilivyofanya.

Nilikwenda kwa fundi mmoja mzee wa hapa Kibiti, ambaye hapendi kutajwa jina. Hakumaliza darasa la saba. Nikamwambia, "Shikamoo fundi, giaboksi ya mzee imekufa, nataka kuagiza nyingine." Akaitikia, akafuta mikono yake, akaniuliza, "Umeifungua?" Nikasema hapana. Akasema, "Hujaifungua, umejuaje kilichokufa? Fungua kwanza, fedha baadaye." Nikamshukuru, nikaondoka, na moyoni nikasema huyu mzee anatafuta kazi ya siku mbili ili alipwe. Mungu anisamehe.

Usiku ule nikatafuta, nikaona picha ya giaboksi iliyokuwa ikiuzwa Uingereza. Juu ya ganda lake limechorwa neno Albion. Nikaenda kuangalia ya baba kwa kurunzi: Albion. Nikasema basi, kazi imekwisha. Nikatuma fedha ya bati.

Ilifika baada ya miezi mitatu, nikalipa na kodi. Tulipoiweka kwenye pikipiki, mashimo ya kufungia hayakukutana na bolti. Ncha ya shafti ilikuwa nyembamba, klachi yetu haikukaa. Ilikuwa ni giaboksi ya pikipiki nyepesi. Muuzaji hakunidanganya hata kidogo. Alisema Albion, na ni Albion kweli. Kosa ni kwamba mimi nilinunua jina.

Naomba niwaeleze wanafunzi jambo hili, kwa sababu ndilo shina la mazungumzo yangu. Zamani, viwanda vingi vya pikipiki vya Uingereza havikutengeneza giaboksi vyenyewe. Vilinunua kutoka viwanda vingine vilivyofanya kazi hiyo tu. Albion aliuza kwa Royal Enfield na kwa watengenezaji wa pikipiki ndogo kadhaa. Burman aliuza kwa Ariel, kwa Matchless na kwa wengine. Kwa hiyo jina lililochorwa juu ya ganda linakuambia nani aliyelitengeneza, halikuambii lilitengenezewa nani. Ni sawa na kununua shati kwa kutazama jina la kiwanda bila kutazama saizi ya shingo.

Hata jina la pikipiki yenyewe halitoshi. Chukueni BSA A10. Zile za mwanzo giaboksi yake imefungwa moja kwa moja nyuma ya injini. Zile zilizofuata, zenye fremu ya nyuma inayocheza kwa mkono, giaboksi inasimama peke yake ndani ya fremu. Jina ni A10 zote mbili, lakini ya huku haiingii kule. Na kama kwenu kuna BSA Bantam, msihangaike kutafuta giaboksi peke yake: injini na gia zimo katika ganda moja, kama zilivyo pikipiki za bodaboda tunazoziona kila siku barabarani. Gia zikiharibika humo, hapana budi kulipasua ganda zima na kubadilisha vya ndani.

Nilirudi kwa yule fundi nimeinamisha kichwa. Hakunicheka. Alisema, "Lete ya mzee." Tukaifungua pamoja siku ya Jumamosi, chini ya mwembe, juu ya gunia safi.

Kwanza ilitoka grisi, nyeupe kama uji wa maziwa. Hayo yalikuwa maji ya mto yaliyochanganyika nayo. Kisha akanionyesha vilivyomo ndani, nami nawaeleza kama alivyonieleza.

Ndani mna shafti mbili zilizolala sambamba. Nguvu ya injini hupita kwenye mnyororo mfupi wa upande wa kushoto hadi kwenye klachi. Klachi huizungusha shafti kuu. Shafti kuu huipa nguvu ile shafti ya pili kwa meno, na shafti ya pili huirudisha kwenye gia moja yenye tundu katikati, ambayo ndiyo iliyovaa sproketi ya mnyororo mkubwa unaokwenda gurudumu la nyuma. Hivyo ndivyo ilivyo katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu. Lakini katika gia ya nne, shafti kuu hushikana moja kwa moja na ile gia ya sproketi, na shafti ya pili huzunguka tu bila kubeba mzigo.

Fundi akaniuliza, "Sasa ikiwa ya nne iko kimya na nyingine zinalia, ugonjwa uko wapi?" Nikafikiri kidogo, nikajibu: katika shafti ya pili. Akasema, "Umeona? Ulikuwa na jibu masikioni kabla hujatoa fedha mfukoni."

Na kweli, bushi zinazoishika shafti ya pili zilikuwa zimelika hata shafti inacheza. Gia ya tatu ilikuwa imepoteza meno mawili. Zile pembe za kushikania za gia ya pili zilikuwa zimekuwa duara, ndiyo maana ilikuwa inaruka. Lakini ganda lilikuwa zima. Beringi kubwa ilikaa katika nafasi yake kwa kubanwa vizuri, haikuwa ikizunguka ndani ya ganda. Nyuzi za bolti zilikuwa salama.

Hapo ndipo tulipoanza kuchagua, jambo ambalo mimi nilikuwa nimelifanya kabla ya wakati wake. Tuliweka mbele yetu njia nne.

Njia ya kwanza ni kuchonga gia mpya Dar es Salaam. Mafundi wa kukereza wapo, tena hodari. Lakini gia si kipande cha chuma chenye meno tu. Meno hayana budi kukatwa kwa mgawanyo sawasawa, na baada ya kukatwa chuma hicho hakina budi kukaushwa kwa moto ili kiwe kigumu juu na kisiwe chepesi kuvunjika ndani. Gia laini italika upesi. Ama jino lililochomelewa, hilo fundi alikataa hata kulijadili. Alisema likivunjika pikipiki ikiwa mwendoni, kipande kikiingia kati ya gia mbili, gurudumu la nyuma laweza kujifunga ghafla, na aliye juu atarudi nyumbani kwa machela.

Njia ya pili ni kutafuta giaboksi nyingine kuukuu ya Redditch, safari hii kwa kipimo. Njia hii si mbaya, lakini unanunua umri uleule. Kitu cha zaidi ya miaka sitini, usichokifungua mwenyewe, chaweza kuwa na ugonjwa uleule uliokukimbiza.

Njia ya tatu ni India. Hapa nawaomba wanafunzi wa historia wasikilize. Mwaka 1955 kampuni ya Redditch iliungana na kampuni ya Madras, mji ambao leo unaitwa Chennai, ikaundwa Enfield India kwa ajili ya kutengeneza Bullet kule. Mwanzoni waliunganisha vipuri vilivyotoka Uingereza, baadaye wakavitengeneza wenyewe. Uingereza ikaendelea kuibadilisha Bullet yake, kisha ikaiacha, na kiwanda kikafungwa. Lakini Wahindi waliendelea na ileile ya mwaka 1955 kwa miaka mingi, pamoja na giaboksi yake ya gia nne. Kwa hiyo mwenye Bullet ya zamani anapata vipuri vilivyotengenezwa miaka mingi baada ya mama yake kufa. Lakini angalizo ni hili: Bullet za Uingereza za baada ya mwaka 1955 zilibadilishwa, kwa hiyo aliye na hizo asidhani kila cha India kitamfaa. Tazama mwaka na namba kwanza.

Njia ya nne ni giaboksi ya gia tano, nayo ya India, ambayo ilikuja kuchukua nafasi ya ile ya gia nne. Vijana wote waliokuwa wamesimama chini ya mwembe waliitaka hiyo. Ni laini, inaingia bila kelele. Lakini pikipiki ya baba gia ziko mguu wa kulia na breki ya nyuma iko mguu wa kushoto, kama zilivyokuwa pikipiki za Uingereza za wakati ule. Giaboksi mpya inataka gia zihamie kushoto, basi breki nayo ihamie kulia, na upande wa mnyororo mfupi nao urekebishwe. Linafanyika, lakini ni kazi, na ni fedha.

Nikamwuliza kijana mmoja kwa nini anapendelea gia tano. Akasema, "Ili ikimbie." Fundi akatabasamu, akachukua kijiti akaandika mchangani. Tuchukue mfano, akasema: sproketi ya giaboksi ina meno 16 na ya gurudumu la nyuma ina meno 40. Arobaini kwa kumi na sita ni mbili na nusu. Yaani sproketi ndogo itazunguka mara mbili na nusu gurudumu lizunguke mara moja. Ukiweka sproketi ya meno 18, inakuwa kama mbili na robo. Injini itazunguka pungufu kwa mwendo uleule, barabarani utakwenda kwa raha zaidi. Lakini mchangani na mlimani utapungukiwa nguvu. Kwa hiyo anayetaka mwendo tu, aanze na sproketi, asikimbilie giaboksi nzima. Kazi yenyewe ni kufungua klachi, kwa kuwa sproketi iko nyuma yake. Nani kati yenu alisema hesabu za uwiano hazina matumizi?

Kijana mwingine alishauri tuitoe injini yote tufunge ya Boxer. Simlaumu. Ni shauri la mtu anayetaka kula leo, na kwa pikipiki ya biashara lingekuwa na maana. Lakini baba aliposikia alinyanyuka kwenye kiti chake akaingia ndani.

Hapo nikasimama nikajiuliza swali ambalo ilinipasa kuanza nalo: pikipiki hii inatakiwa kufanya kazi gani, nani ataiendesha, na nani ataitengeneza ikiharibika? Haitakwenda Dodoma wala Arusha. Itakwenda Bungu, na siku ya siku itafika Nyamisati kwenye boti za Mafia. Njia ile ina mchanga, na masika ina tope. Atakayeitengeneza ni fundi huyuhuyu wa chini ya mwembe, au mwanafunzi wake. Na mguu unaoijua ni mguu wa kulia wa baba.

Kwa maswali hayo matatu, jibu lilijileta lenyewe. Tuliamua ganda la Redditch libaki, kwa kuwa ni zima na limezoeana na fremu kwa miaka yote hiyo, na tuagize kutoka India gia za ndani, shafti ya pili, bushi na sili mpya. Hatukununua giaboksi. Tulinunua vile vilivyokufa tu.

Hapa kwetu Delta tuna mfano mkubwa wa jambo hili, na kila mmoja wetu aliusoma darasani bila kuufikiria. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus kule Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikaharibika injini, ikajificha katika vijito vyetu vya Rufiji. Meli nzima ilikuwa imezuiwa na vipande vichache vya chuma. Walifanya nini? Walivitoa vipande vile, vikabebwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Mabega yaliyobeba yalikuwa ya watu wa nchi hii, jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Hata meli ilipokufa tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake kumi iliopolewa ikaendelea kutumika nchi kavu. Sisemi hayo kuisifu vita, ambayo iliwaletea wazee wetu njaa na mauti. Nasema tu kwamba fundi wa kweli hatupi kizima kwa sababu ya kibovu.

Sasa nafikia sehemu inayoniuma zaidi, na nisingeisema kama isingekuwa kwa ajili ya vijana hawa.

Ilipobidi kuagiza, fundi alitaka namba iliyopigwa kwenye ganda, idadi ya meno ya kila gia, na upana wa ncha ya shafti. Namba ya ganda ilikuwa imeliwa na chumvi ya Delta. Meno ya gia ya tatu yalikuwa yamevunjika. Nilikaa jioni nzima na rula na kalamu. Baba alikuwa amekaa kibarazani ananitazama. Mwishowe akaniuliza kwa upole, "Kwani daftari hukulisoma?"

Nikasema, "Daftari gani, baba?"

Akamtuma mjukuu wake akalete mkebe wa biskuti uliokuwa juu ya kabati. Ndani mlikuwa na daftari la jalada gumu. Bwana shamba yule, aliyezoea kuandika mvua na mavuno ya kila kijiji, alikuwa ameandika kila siku aliyobadilisha oili, kila mnyororo, kila bushi. Na katika ukurasa mmoja, kwa wino wa buluu, alikuwa ameandika namba ya giaboksi, meno ya kila gia, na meno ya sproketi zote. Aliyahesabu mwenyewe alipoifungua mara ya mwisho.

Ndugu zangu, daftari lile lilikuwapo siku niliyotuma fedha Uingereza. Lilikuwapo hatua kumi kutoka mahali nilipokaa nikitazama picha. Sikumwuliza mwenyewe pikipiki. Nilimfanyia baba zawadi bila kumshirikisha, kana kwamba uzee umemfuta ujuzi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa na mali, na daftari, na mwenye daftari yu hai, na bado nilipoteza.

Na kuna jambo jingine lililopotea ambalo fedha haiwezi kulirudisha. Mwezi nilipotuma fedha ile, baba alikuwa anatembea mwenyewe hadi msikitini na kurudi. Kufikia wakati vipuri sahihi vilipotoka India na kazi kukamilika, mwaka 2025, miguu yake ilikuwa imeshapungua nguvu. Hawezi tena kuisimamisha pikipiki yake mwenyewe. Miezi ile niliyoitupa ilikuwa ni miezi yake.

Tulipomaliza kuifunga, fundi alifanya marekebisho ya mwisho. Nayataja kwa faida ya wenye Bullet. Giaboksi hii ya Albion ina tabia ya kupotea katikati ya gia mbili, mtu akadhani imeharibika. Kabla hujalaumu gia, hakikisha klachi inaachia sawasawa. Kisha kuna kibati cha kuzuia pedeli, kimeshikwa kwa nati mbili, ambacho husogezwa kidogo mpaka kupanda na kushuka kwa gia kulingane. Tena usisahau kile kipedeli kidogo cha kisigino, kinachoirudisha pikipiki kwenye fri kwa kukanyaga mara moja kutoka gia yoyote isipokuwa ya kwanza. Wengi wamekitoa wakidhani hakina kazi.

Ijumaa moja baada ya sala, tulimpandisha baba nyuma yangu, wajukuu wawili wakimshika, tukaenda Bungu. Sikuwa nimezoea gia za mguu wa kulia. Tulipotoka tu alinigonga bega. Nikabadilisha gia. Mbele kidogo akanigonga tena. Nilitambua kwamba alikuwa ananigonga kabla injini haijaomba. Alikuwa anaisikia kabla yangu. Tukafika Bungu, mahali inapochepuka barabara ya Nyamisati. Akaitazama njia ile kwa muda, sikumwuliza anaona nini. Kisha akasema, "Ya tatu imepona. Turudi."

Ndugu Mwenyekiti, nisiwachoshe. Nawaachia wanafunzi mambo manne, wayaandike kama wanapenda.

Moja, fungua kabla ya kununua, na sikiliza kabla ya kufungua. Mashine husema inapoumwa, mwenye masikio asikie.

Pili, usinunue jina, nunua kipimo: mashimo, ncha ya shafti, meno, na mstari wa mnyororo. Hiki kikikataa, hata kiwe kipya kinang'aa, si chako.

Tatu, chagua kwa kufuata kazi, njia, na mkono utakaotengeneza. Kitu bora ambacho hakuna wa kukitengeneza kwenu si bora kwenu.

Nne, muulize mwenyewe. Kuuliza si ujinga. Aliyekaa na kitu miaka hamsini, hata kama hakufika ulikofika wewe, anakijua kwa njia ambayo wewe hujaijua.

Ama giaboksi hii iliyoko mezani, sikuiuza. Yule fundi ameikata ganda upande mmoja kwa ustadi, mtu aweze kuona shafti zote mbili na gia zake zikizunguka kwa mkono. Naikabidhi leo kwa shule, ikae katika chumba cha fizikia. Fundi mwenyewe amekubali kuja siku moja kuwaeleza wanafunzi, kama Mkuu wa Shule ataridhia, na mimi nitakuja kukaa dawati la nyuma.

Naomba tu kibandikwe kikaratasi chenye maneno machache: kwamba kitu hiki ni kizima, kimetengenezwa vizuri, na kilinunuliwa na mwanafunzi wa zamani wa shule hii ambaye hakuuliza.